Mafuta Hayazeeki kwa Saa



Mashine ya kukatia miti katika misitu ya Sweden au ya Ujerumani hubeba mamia ya lita za mafuta ya haidroliki, na mafuta hayo husukumwa kwa shinikizo la baa 200 na zaidi ndani ya mipira inayojipinda na kukwaruzwa na matawi kutwa nzima. Mpira mmoja ukipasuka, dereva hajawahi kuzima injini lita kadhaa zimeshamezwa na udongo, na mara nyingi kijito hakiko mbali. Mipira hupasuka, hakuna fundi mkweli atakayeahidi vinginevyo. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980, watengenezaji wa Ulaya wamekuwa wakitafuta mafuta ambayo yakimwagika vijidudu vitayala. Leo kiwango cha kimataifa cha ISO 15380 kinayagawa katika makundi manne: mafuta ya mimea, esta za kutengenezwa kiwandani, poliglikoli, na hidrokaboni za sintetiki zinazooza kwa urahisi. Baharini nako Marekani iliweka sharti mwaka 2013 kwamba meli kubwa za biashara zinazoingia katika maji yake zitumie vilainishi visivyodhuru mazingira mahali popote mafuta yanapokutana na maji ya bahari, isipokuwa pale ambapo jambo hilo haliwezekani kiufundi. Mhadhara huu unahusu makundi mawili ya kwanza, yale yaliyojengwa kwa kifungo cha esta, maana ndiyo yenye kesi ngumu zaidi ya uzee.

Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: tutajuaje, mafuta yakiwa bado mazima, kwamba yamebakiza muda gani? Jibu la mazoea limeandikwa ndani ya kitabu cha mashine: badilisha baada ya saa kadhaa za kazi. Nakusudia kuonyesha kwamba saa ni kipimo kibovu cha umri wa mafuta haya, kwamba maabara peke yake haiwezi kuuponya ubovu huo, na kwamba utabiri wa kuaminika huanza kwa kupima akiba iliyobaki na kuandika mambo ambayo mafuta yameyapata ndani ya mashine ile ile, si ndani ya mashine ya wastani ambayo haipo popote.

Mama anayekaanga maandazi anaijua nusu ya kemia hii bila kuisomea. Mafuta ya alizeti yakirudiwa-rudiwa hugeuka rangi, hunuka, huwa mazito, na mwisho huacha utando unaonata kwenye karai. Kila hatua ina sababu yake. Molekuli ya mafuta ya mimea ni gliserini iliyoshika minyororo mitatu ya asidi. Pale mnyororo unapokuwa na vifungo-pacha viwili vilivyotenganishwa na kaboni moja, hidrojeni ya hapo katikati hushikiliwa kwa ulegevu. Joto, hasa likisaidiwa na shaba au chuma, huing'oa. Kinachobaki ni radikali huru, nayo hunyakua oksijeni, kisha huinyang'anya molekuli jirani hidrojeni yake ili itulie. Jirani sasa ndiye mwenye njaa, na mlolongo unajiendesha wenyewe. Peroksidi zinazozaliwa huvunjika zikatoa asidi na aldehidi, na hapo ndipo harufu inapotoka. Vipande vingine huungana, na hapo ndipo uzito unapotoka. Asidi ya linoleiki, yenye vifungo-pacha viwili, huoksidishwa kwa kasi ya mara kumi hivi au zaidi kuliko asidi ya oleiki yenye kimoja, na ya linoleniki yenye vitatu huipita hata hiyo. Mafuta ya kitani yamejaa linoleniki, ndiyo maana wachoraji wa Ulaya waliyachanganya na rangi kwa karne nyingi: hukauka yakawa ngozi. Kinachomfaa mchoraji ni maafa kwa valvu ambayo nafasi yake ya kuteleza ni mikroni chache tu. Mafuta ya nazi, kwa upande mwingine, hayana vifungo-pacha vingi na hayachachi upesi, lakini huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Kama hata Pwani yetu huganda asubuhi za kipupwe, msituni Sweden yangegeuka jiwe tangini.

Hapa huinuka pingamizi ambalo limesemwa mara nyingi, tena na watu wanaojua kazi yao. Mnataka mafuta yaoze nje na yasioze ndani, wanasema. Hayo ni mambo mawili yasiyolala kitanda kimoja. Mafuta yanayooza haraka yatazeeka haraka, na hakuna utabiri utakaobadilisha tabia ya kitu. Hoja hii inachanganya aina mbili za kuharibika. Kuoza kunakopimwa kwa vipimo vya OECD 301, ambako mafuta hutakiwa kuvuka asilimia 60 ya kuvunjwa ndani ya siku 28, ni kazi ya bakteria wenye vimeng'enya, katika maji, kwa joto la chumba. Kuoksidika tangini ni kazi ya joto, hewa na metali, na bakteria hawana sehemu humo. Ushahidi ulio wazi ni esta zilizoshiba, yaani zile ambazo minyororo yake haina vifungo-pacha: huliwa vizuri na vijidudu ardhini, na bado huvumilia oksijeni na joto kwa kiwango ambacho mafuta ya kawaida ya madini, yatokanayo na mafuta ghafi, hupata taabu kukifikia. Udhaifu mbele ya oksijeni unaweza kutibiwa bila kugusa uwezo wa kuoza.

Hata hivyo pingamizi hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyonivutia zaidi katika somo hili. Kimeng'enya cha bakteria huanza karamu yake kwa kukata kifungo cha esta kwa msaada wa maji. Kifungo hicho hicho hukatwa na maji tangini, bila bakteria, polepole, na kinachotoka ni asidi na alkoholi, yaani malighafi zilezile zilizotumika kiwandani kutengeneza mafuta hayo. Kifungo cha esta hatuwezi kukiondoa kama tulivyoondoa vifungo-pacha, kwa sababu ndicho mlango ambao vijidudu huingilia. Kwa hiyo mafuta haya yana saa mbili zinazotembea kwa pamoja, ya oksijeni na ya maji. Mkemia anaweza kuichelewesha sana ya kwanza. Ya pili anaweza kuipunguza mwendo tu, na kwa kiasi kikubwa inabaki mikononi mwa mwenye mashine.

Tupime ukubwa wa saa ya maji kwa hesabu ndogo ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuikagua. Umri wa mafuta mara nyingi husomwa kwa namba ya asidi: ni miligramu ngapi za hidroksidi ya potasiamu zinahitajika kuizima asidi iliyo ndani ya gramu moja ya mafuta. Ongezeko la 2 juu ya namba ya mafuta mapya kwa kawaida huhesabiwa kuwa kengele ya kubadilisha. Kila molekuli ya maji inayokata kifungo huacha molekuli moja ya asidi. Gramu 18 za maji zikiitikiana zote huzaa asidi ya kuzimwa na gramu 56 za hidroksidi hiyo. Basi gramu nusu ya maji katika kilo moja ya mafuta, ikimalizika yote katika kazi hiyo, hupandisha namba ya asidi kwa karibu 1.6. Katika tangi la lita 200 hiyo ni gramu 92 za maji, hazijai nusu kikombe cha chai. Nusu kikombe huingia kwa unyevu wa hewa inayovutwa na tangi kila silinda inaporefuka na kufupika, au kwa fundi anayeosha mashine kwa maji ya kasi huku kifuniko kimelegea. Na macho hayasaidii. Mafuta ya madini yakipata maji kidogo tu hugeuka maziwa, na fundi anastuka. Esta hubeba maji yaliyoyeyuka mara kadhaa zaidi huku ikibaki angavu kama asali. Anayengoja ukungu amechelewa.

Sasa twende maabara, maana huko ndiko wengi wanakodhani utabiri umekwisha kukamilika. Kipimo mashuhuri kinaitwa TOST: mililita 300 za mafuta na 60 za maji, nyuzi 95, oksijeni ikipulizwa mfululizo, waya wa chuma na wa shaba vikiwa ndani, hadi namba ya asidi ifike 2. Saa zilizopita ndizo zinazochapishwa kwenye karatasi ya sifa za mafuta. Lakini kipimo hiki kilitungwa kwa ajili ya mafuta ya madini yenye kemikali za kinga, na jina la kiwango chake linasema hivyo bila kuficha. Mafuta ya madini hayana kifungo cha esta, kwa hiyo maji humo huleta kutu na si mengi zaidi. Ukitia esta, maji hukata vifungo kwa nguvu, asidi hupanda, na kipimo kilichodai kupima oksijeni kimepima maji. Ndiyo sababu esta hupimwa mara nyingi kwa namna ya kipimo hicho isiyo na maji, au kwa kipimo cha Kijerumani cha Baader. Hapo kosa linageuka upande: tumeisimamisha kabisa saa moja ili kuisoma nyingine, wakati mashine haitaisimamisha yoyote.

Tuseme tumesamehe hilo. Bado tunapaswa kutoka nyuzi 95 za maabara hadi nyuzi 60 za tangi. Daraja letu ni kanuni aliyoieleza Svante Arrhenius wa Sweden mwaka 1889, ambayo mafundi wameifupisha kuwa kila nyuzi 10 kasi huongezeka mara mbili. Nyuzi 35 za tofauti basi ni mara 11. Saa 1,000 maabara zitakuwa saa 11,000 kazini. Lakini hiyo mara mbili imetoka wapi? Ni desturi tu. Kasi ya kweli hutegemea mafuta yenyewe na kemikali zilizomo. Ikiwa ni mara 1.8, saa 11,000 zinashuka kuwa 7,800. Ikiwa ni mara 2.5, zinapanda hadi karibu 25,000. Na kipimo kingine cha haraka kinachofanywa kwa nyuzi 150 ndani ya chombo cha shinikizo kina daraja refu zaidi, nyuzi 90: kwa desturi ya mara mbili tunazidisha kwa 512, kwa 1.8 tunazidisha kwa takriban 200, kwa 2.5 tunazidisha kwa 3,800. Daraja ambalo ncha yake ya pili inaweza kuangukia popote kati ya 200 na 3,800 sitalivuka na mzigo wangu. Zaidi ya hayo, kwa nyuzi 150 huamka miitikio ya kemia ambayo kwa nyuzi 60 imelala, kwa hiyo tunachokiharakisha huenda si uzee uleule. Vipimo hivi vinafaa kulinganisha mafuta na mafuta, au kundi jipya la bidhaa na lililotangulia. Havikuwahi kuwa kalenda.

Kuna jambo jingine linaloiondolea saa heshima yake: mafuta hayazeeki kwa mstari ulionyooka. Mtengenezaji hutia ndani yake fenoli na amini ambazo hujitoa mhanga, zikiipa radikali hidrojeni kabla haijamnyang'anya jirani. Wakati walinzi hawa wapo, namba ya asidi hulala chini miezi na miezi, na mwenye mashine hufurahia jedwali lake. Siku wanapokwisha, mnyororo unafunguka, asidi hupanda kwa ghafla, nayo asidi huharakisha maji kukata vifungo, na asidi iliyozaliwa humong'onyoa shaba ya beringi, na shaba iliyoyeyuka huchochea oksijeni. Zile saa mbili sasa zinasukumana. Anayefuatilia asidi peke yake ni kama anayejua hali ya nyumba kwa kuhesabu madeni. Atajua njaa ilipoanza, lakini hatajua ghala limebakiza magunia mangapi. Mnato nao ni shahidi mwenye ndimi mbili. Kuoksidika huyafanya mafuta mazito, na kukatwa kwa vifungo huyafanya mepesi. Viwili hivyo vikienda pamoja vinaweza kufutana, na mafuta yaliyokwisha yakasomeka kuwa na mnato wa mafuta mapya.

Kinachopaswa kupimwa basi ni ghala. Ipo mbinu ya voltametri inayopitisha umeme mdogo katika sampuli na kuonyesha fenoli na amini zimebaki kiasi gani ukilinganisha na mafuta mapya. Ipo miale ya infraredi inayoonyesha vifungo gani vimevunjika na vipi vimezaliwa. Ipo sensa ya unyevu inayosoma maji kabla hayajaonekana. Akiba ya kinga ikichorwa dhidi ya muda hushuka kwa utaratibu ambao asidi haina, na mstari unaoshuka kwa utaratibu unaweza kurefushwa mbele kwa busara kiasi. Lakini urefushwe dhidi ya muda gani? Si wa saa ya ukutani. Chukua mashine iliyofanya kazi saa 1,000: saa 700 mafuta yakiwa nyuzi 60, saa 200 yakiwa 70, saa 100 yakiwa 80. Kwa desturi ile ya mara mbili, saa moja ya nyuzi 80 inakula kama saa nne za nyuzi 60. Jumla inakuwa saa 1,500 za nyuzi 60. Zile saa 100, moja ya kumi ya muda wote, zimekula zaidi ya robo ya umri. Anayetumia joto la wastani, ambalo hapa ni nyuzi 64, atapata saa 1,320 tu na kudhani ana akiba ambayo hana. Na nimelisema joto la tangi peke yake. Povu la hewa likibanwa ghafla ndani ya pampu kufikia baa 200, fizikia inatoa, kinadharia, zaidi ya nyuzi 1,000 ndani ya povu hilo kwa sekunde isiyohesabika. Mafuta yanayolizunguka huungua kama kwenye injini ya dizeli. Mashine yenye mpira wa kuvuta unaopitisha hewa huyazeesha mafuta kwa njia ambayo kipimajoto cha tangi hakitaiona.

Meneja wa karakana ataniuliza: kwa nini shida yote hii, si tubadilishe tu kila baada ya saa 2,000 na tulale usingizi? Swali lake ni la haki, na kwa mafuta ya madini ya bei ndogo pengine ningemwachia. Esta iliyoshiba huuzwa kwa bei ya mara kadhaa ya mafuta ya madini. Kuyamwaga mafuta hayo ya esta yakiwa na nusu ya ghala ni hasara ya fedha na ni kuukana uungwana uliofanya yanunuliwe, kwani mafuta yaliyotumika, hata yakiwa ya mimea, yamebeba metali na uchafu na si ya kumwaga shambani. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Saa 2,000 zilizoandikwa kwa mashine ya nchi baridi hazina maana ileile mahali pengine. Kama mafuta hupanda nyuzi 40 juu ya hewa ya nje na kipozi hakina nafasi ya ziada, hewa ya nyuzi 15 huyaweka kwenye 55, na hewa ya nyuzi 32 ya Mombasa au Dar es Salaam huyaweka kwenye 72. Tofauti ya nyuzi 17 ni kasi ya zaidi ya mara tatu, kabla hatujahesabu unyevu wa Pwani unaopumuliwa na tangi. Kitabu kilekile, saa zilezile, na mafuta yaliyokufa kabla ya theluthi moja ya safari.

Wengine, vijana hasa, wananiambia tuiachie kompyuta: tuweke sensa kila mahali, tuipe programu takwimu, nayo itajifunza. Sina ugomvi na sensa. Taasisi za haidroliki kama ile ya chuo kikuu cha Aachen zimefanya kazi kubwa juu ya mafuta haya kwa miaka mingi, na sensa za leo za unyevu na za upitishaji umeme ni bora kuliko tulizostahili. Lakini programu iliyojifunza kwa mashine ambazo mafuta yake yalibadilishwa mapema siku zote haijawahi kuona mafuta yakifa. Imeona ujana tu, na itatabiri ujana. Ile kona ambapo asidi huruka ndiyo tunayotaka itabiriwe, na ndiyo isiyomo katika takwimu. Lazima kemia iwekwe ndani ya hesabu kwa mkono: kinga kiasi gani, inaliwa kwa kasi gani kwa joto gani, maji kiasi gani, shaba kiasi gani. Takwimu zije baadaye kurekebisha namba hizo kwa mashine moja moja. Na jibu litoke kama masafa, tuseme kati ya saa 900 na 1,400 zijazo, likifinywa kila sampuli mpya inapoingia. Anayetoa namba moja anauza kitu.

Limebaki jambo la kuongeza mafuta, ambalo vitabu hulipita kwa haraka. Kila lita mpya inayomiminwa huleta kinga mpya, hupunguza asidi na kuongopea kila kipimo nilichokitaja. Mashine inayovuja kuliko zote kwenye kambi huwa na mafuta machanga kuliko zote, na ukichora jedwali lake bila kujua utaipa tuzo. Kwa hiyo, kabla ya voltametri na kabla ya sensa, dereva apewe daftari aandike siku aliyoongeza, lita alizoongeza na aina yake. Na mtaalamu asiyeliomba daftari hilo kabla ya kutamka umri wa mafuta asilipwe.